Mfuko wa Rambo Nyuma ya Mlango

Juni 2025, wiki ile Israel na Iran zilipokuwa zikirushiana makombora, kijiwe chetu cha kahawa hapa Mbagala kilijaa kuliko siku ya Simba na Yanga. Muuza kahawa alikuwa na mambo yake yaleyale: birika juu ya makaa, ndoo ya kusuuzia vikombe, kashata kwenye sahani. Kilichoongezeka ni simu ya kijana mmoja wa bodaboda, kioo kimepasuka kona, ameiegemeza kwenye kopo la tangawizi ili benchi zima lione. Ndani ya simu ni usiku wa mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga. Mistari ya moto inapanda, mingine inashuka, ikikutana panamulika. Kijana anatangaza kama yuko Uwanja wa Mkapa. "Hiyo imedunguliwa! Hiyo… aah, hiyo imepita." Watu wanahesabu magoli.

Nikamwomba apunguze sauti. Akanitazama. "Kaka, hii si simu tu?"

Ni simu tu, najua. Lakini nilikuwa nimeshaushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na kahawa yangu ilikuwa chini.

Jumatano ya 29 Aprili 2009 nilikuwa darasani, kidato cha pili, kipindi cha hesabu. Mlio wa kwanza tulidhani ni tairi la lori Barabara ya Kilwa, na kuna aliyecheka. Wa pili vioo vya madirisha vikaingia ndani. Wa tatu mwalimu hakusema kitu, alitoka mbio na chaki mkononi, nasi nyuma yake. Ghala la silaha pale Kizuiani lilikuwa limelipuka, na vilivyokuwa ndani vikaanza kutoka kimoja kimoja, bila mpangilio, kila kimoja na njia yake. Mjini watu wanasema "mabomu ya Mbagala" na jina hilo limeshakaa. Mimi ninachokumbuka ni mluzi. Unaanza mwembamba, unanenepa, halafu unakatika ghafla, na hapo katikati ya kukatika na mshindo ndipo unapojua hujui umesimama wapi.

Barabara ya Kilwa ikajaa watu wanaokwenda kwa miguu pande zote mbili, wengine Mtoni na Temeke, wengine Rangi Tatu na Kongowe. Kila mmoja aliamini wale wa upande wa pili wamekosea. Nilimpita kinyozi na mteja wake wakikimbia sambamba, mteja amenyolewa nusu kichwa, kitambaa bado kimefungwa shingoni. Nimesimulia habari hiyo mara nyingi na watu hucheka. Mimi mwenyewe nilicheka siku ile, nikikimbia, ndala moja.

Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi ya mchana. Alimtia mdogo wangu mgongoni, akafunga kanga, akaondoka na hicho tu. Tulionana jioni Kongowe, kwenye baraza la msikiti, nikamtambua kwa kukohoa. Siku ya tatu tuliporudi nyumbani, kifuu kilikuwa bado kimeegemea mbuzi, nazi imekunwa nusu, sisimizi wamefanya mstari kutoka mlangoni. Ukuta wa chumbani ulikuwa chini. Masika yalikuwa yameanza, na sanduku la karatasi, yaani vyeti vyetu vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mdogo wangu, karatasi ya kununulia kiwanja, lilikuwa chini ya ukuta huo, limelowa uji. Baadaye, palipoandikishwa walioathirika, mtu mmoja nyuma ya meza alimuuliza mama ana kielelezo gani kuonyesha nyumba ni yake. Mama akamwambia ukuta umeangukia kielelezo. Yule mtu akaandika kitu, akaita anayefuata.

Juu ya bati la jikoni palitobolewa tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Bati hilo leo limeezeka banda la kuku. Saa sita mchana jua hupenya pale, likatia duara dogo jeupe chini, na vifaranga hulidonoa.

Zaidi ya watu 20 walikufa. Mama mdogo, aliyekuwa anakaa Gongo la Mboto, alituita tukakae kwake. Alisema huku kwetu kumetulia. Tulikaa wiki tatu tukarudi. Usiku wa 16 Februari 2011 ghala jingine lililipuka, safari hii Gongo la Mboto, na wakafa tena watu zaidi ya 20. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, na kwa siku kadhaa redio zilisoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Mama mdogo alipopata mtandao alipiga simu, akasema neno moja, "Dada, yamenifuata," kisha salio likaisha.

Hakuna nchi iliyokuwa imetupiga. Hilo ndilo jambo ambalo sikuweza kumweleza kijana wa bodaboda kwa dakika moja, kwa hiyo ninalieleza hapa kwa urefu. Mimi makombora nimeyaona yakiruka juu ya kichwa changu katika mji unaoitwa Bandari ya Salama, wakati wa amani, na yalikuwa ya kwetu, yamewekwa pale kwa ajili ya kutulinda. Wala sisemi kambi ndiyo iliyotufuata. Wengi wetu ndio tulioisogelea, kiwanja baada ya kiwanja, kwa sababu vilikuwa bei nafuu na barabara ipo. Mjumbe alipomwonyesha marehemu baba mipaka, alimwambia, "Huku umepakana na ukuta wa serikali, hutapata jirani mgomvi." Baba alilipa siku ileile.

*

Kwenye benchi lile huwa anakaa Baba Mkubwa, kaka yake baba. Juni ile alikuwa na miaka 69. Ukimpa shikamoo anaitikia marahaba ndefu, kisha anarudi kwenye kikombe chake. Vijana wanamwita Mjeda, ingawa yeye hakuwahi kuwa askari wa kuajiriwa, alikuwa mgambo. Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka na kutangaza kwamba ardhi ile ni ya Uganda, jeshi letu lilikuwa dogo. Miezi michache baadaye lilikuwa na watu zaidi ya laki moja, maelfu kwa maelfu wao wakiwa mgambo kama yeye. Alipanda treni Dar es Salaam hadi Mwanza, meli hadi Bukoba, na kutoka hapo miguu.

Mabenchi yakichangamka, Baba Mkubwa hupenda kusimulia habari ya swala. Mwishoni mwa Machi 1979, Gaddafi akimsaidia Amin, ndege ya Libya aina ya Tupolev ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikakosea. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ziwani pale, na waliokufa ni swala. Watu wote kijiweni hucheka sehemu hii, hata waliokwishaisikia mara kumi. Habari ambayo haisimulii kwa vicheko, na mimi nimeisikia kwake mara moja tu, ni ya ndege zetu wenyewe zilizodunguliwa karibu na Musoma mwanzoni mwa vita ile, na waliozidungua ni walinzi wetu wa anga. Walikuwa wameambiwa ndege za adui zinakuja. Zikaja ndege.

"Aliye chini," alisema, "anaona chuma kinang'aa. Bendera haionekani."

Na kuna ile mizinga ya Kirusi ya BM-21, lori lenye mirija 40 mgongoni, ambayo Waganda waliipa jina la Saba Saba. Sisi huku Saba Saba ni maonyesho ya biashara, ni bembea na ice cream, viwanja vyenyewe viko njiani hapa ukitoka Mbagala kwenda mjini. Mganda mwenye umri wa Baba Mkubwa akilisikia neno hilo anakumbuka kitu kingine kabisa. Nilikuwa mtu mzima nilipojua hivyo, na tangu hapo daladala ikifika pale, konda akiita "Sabasaba washukao!", hunijia kwamba kuna mtu mahali fulani Masaka ambaye alilala chini kwa jina hilo.

Baba Mkubwa hajutii. Nimwache aseme mwenyewe: "Tulipigwa nyumbani. Ningekaa?" Tarehe 2 Novemba 1978 alisikiliza redio kama wote, na yale maneno matatu ya Mwalimu Nyerere bado anayatamka kwa kukunja vidole: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Kisha tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, na wanaokumbuka foleni za sabuni na unga wa yanga watakuambia miezi hiyo ilikuwa na siku nyingi.

Nimeyachukua maneno hayo matatu na kutembea nayo mwezi mzima, kwa sababu naona mazungumzo yote ya kinga za makombora, kijiweni na kwenye runinga, yanakunja kidole kimoja. Uwezo. Linafika umbali gani, linadungua mangapi kwa mia, limegharimu kiasi gani. Kijana wa bodaboda anayajua yote haya kuliko majina ya madiwani wetu. Kidole cha sababu hakiguswi.

*

Basi tuanze na uwezo, maana na mimi ni mtu wa kupenda mashine.

Kwanza nilimsahihisha kijana. Kile anachokiita Kuba la Chuma, kilichoanza kazi Israel mwaka 2011, ni cha maroketi ya masafa mafupi. Makombora ya Iran yanatoka mbali, yanapanda hadi nje ya hewa na kushuka kwa kasi kubwa mno. Hayo yanapokewa na mifumo mingine, Arrow ya Waisraeli na THAAD ya Wamarekani. Kuba lenyewe lina ujanja mmoja ninaouheshimu. Rada ikiliona roketi, kompyuta inapiga hesabu litaangukia wapi, na kama ni porini halishughulikiwi. Kila kombora la kudungulia linakadiriwa kugharimu dola 40,000 hadi 50,000. Chukua hiyo ya chini, kwa kiwango cha siku hizi ni kama shilingi milioni 100 za kwetu. Nilimuuliza kijana pikipiki yake kainunua shilingi ngapi. Akanyamaza akipiga hesabu. Ni pikipiki thelathini na kitu, zinapanda juu na kupasuka.

Na hilo ndilo la bei ya chini. Kombora moja la kisasa la Patriot, kinga nyingine ya Wamarekani, ni kama dola milioni 4, kwetu bilioni 10. Linaweza kurushwa kudungua droni iliyotengenezwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwenye kurusha droni hana haja ya kupiga shabaha. Akikufanya ufungue pochi kila usiku, amefanya kazi.

Lakini kisa kinachonikaa kichwani ni cha 25 Februari 1991, Dhahran, Saudi Arabia, wakati wa vita vya Ghuba. Betri ya Patriot, yaani seti nzima ya mitambo yake, ilikuwa imewashwa mfululizo zaidi ya saa 100. Saa iliyomo ndani ya kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi, kwa namna kompyuta ile ilivyoandika namba, haiandikiki kamili. Kila mara inabaki chembe. Chembe juu ya chembe, kwa saa 100, zikafika theluthi moja ya sekunde. Ni muda wa kupepesa jicho. Kombora la Scud, lililorushwa na Iraq, kwa muda huo linakwenda zaidi ya nusu kilomita. Kwa hiyo rada ililiona, kompyuta ikaangalia mahali ambapo kombora lilipaswa kuwa, haikuliona hapo, ikaamua hakuna kitu. Scud likaangukia kambi waliyolala Wamarekani. Walikufa 28. Kumi na watatu kati yao walitoka kikosi kimoja cha akiba cha Pennsylvania ambacho kazi yake ilikuwa kusafisha maji ya kunywa.

Dawa ilikuwa inajulikana. Waisraeli walikuwa wameshaonya wiki mbili kabla: mashine ikikaa sana imewashwa, inapotea. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata. Na hata bila programu, palitosha kufanya anachofanya fundi simu yeyote wa Kariakoo kabla hajakuuliza jina: zima, washa.

Simsimulii mtu kisa hiki ili kusema kinga hazifanyi kazi. Zinafanya. Juni ile makombora mengi yalidunguliwa. Machache yalipenya na watu wakafa, na Iran, ambako hapakuwa na kinga ya namna hiyo, waliokufa walikuwa wengi zaidi. Ninachosema ni kwamba kila kinachopanda lazima kishuke, na kuna mtu anakaa pale kinaposhukia. Novemba 2022 wafanyakazi wawili wa shamba huko Poland, katika kijiji cha Przewodów, waliuawa penye ghala la kukaushia nafaka. Haikuwa nchi yao iliyo vitani. Kombora, kwa maelezo ya Poland na NATO, lilikuwa la kinga, limerushwa na Waukraine kudungua la Warusi, likakosa, likaendelea na safari. Niliposoma habari ile nilienda nje kuliangalia bati la kuku.

*

Sababu sasa.

Mwaka 1972 Marekani na Urusi ya Kisovieti zilitia saini mkataba wa ajabu: kila mmoja aliahidi *kutojikinga*. Vituo viwili tu vya kudungulia makombora kwa kila nchi, na mwaka 1974 wakapunguza kikabaki kimoja. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani nimeelewa vibaya. Nani anaahidi kulala mlango wazi? Lakini hebu fikiria mtaa wenye majirani wawili wenye bunduki. Wote wanajua anayeanza atajibiwa, kwa hiyo hakuna anayeanza. Siku mmoja anapojenga ukuta mrefu, mwenzake hasemi "jirani yangu amejisitiri". Anasema "huyu sasa anaweza kunipiga akakaa salama", na kesho yake ananunua ngazi. Marekani ilijitoa kwenye mkataba huo Juni 2002. Tarehe 1 Machi 2018 Putin alisimama mbele ya wabunge wake akaonyesha silaha mpya zilizotengenezwa kuzipita kinga, akasema wazi kwamba kazi hiyo ilitokana na kujitoa kule. Ngazi hiyo. Na Mei 2025 Trump akatangaza kuba lake la dhahabu la kuifunika Marekani nzima, dola bilioni 175. Ukuta juu ya ukuta.

Hapa ndipo Mwalimu anaponishangaza. Mtu yuleyule wa uwezo-sababu-nia, miaka mitano tu baada ya kuiteka Kampala, Mei 1984, aliungana na viongozi wengine watano, wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina, kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe majaribio na utengenezaji. Mwaka mmoja kabla, 23 Machi 1983, Reagan wa Marekani alikuwa ametangaza mpango wake wa kuweka kinga dhidi ya makombora, sehemu yake angani kabisa, ambao waliomcheka waliubatiza jina la sinema, Star Wars. Januari 1985 wale sita walikutana Delhi. Indira Gandhi alikuwa ameshauawa, mwanawe Rajiv ndiye aliyekuwa mwenyeji. Tamko lao lilitaja mambo mawili ya haraka, na mojawapo lilikuwa kuzuia mashindano ya silaha kufika anga za juu. Tanzania ilikuwa haina hata sabuni ya kutosha, na rais wake anakaa na kina Olof Palme wa Sweden kuzungumzia kinga za makombora.

Nilimsomea Baba Mkubwa habari hii nikitaka aniambie kama Mwalimu alikuwa amegeuka. Alikunywa kahawa yake yote kwanza.

"Hakugeuka. Amin alikuwa kashaingia. Hao wengine nani kawaingilia?"

Kisha, kwa kuwa anajua ninakotaka kumpeleka na hapendi kupelekwa, akaongeza: "Lakini ungeniletea hiyo mashine yako Mutukula, pale mpakani, nikiwa handakini, ningeibusu."

Sina jibu la hilo, na sijawahi kulipata. Mtoto aliye chini ya kuba yu hai asubuhi. Siwezi kusimama Mbagala, na tundu langu la bati, nikamwambia mama yake kwamba afadhali angekuwa kama sisi. Shaka yangu ni ya baadaye kidogo, asubuhi ya tatu, ya mia. Vita vinavyoumiza huulizwa maswali. Vita ambavyo mshindo wake unasikika mbali, juu, kama fataki, huweza kwenda miezi mingi kabla mtu wa ndani ya kuba hajafikia kidole cha pili. Wa nje ya kuba anakifikia siku ya kwanza, ila yeye hasikilizwi. Sisi wa huku tuko nje kabisa, na swali hutufikia kwa njia ya pampu: Mei 2022, Urusi na Ukraine zikipigana, petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na konda hakuhitaji mchambuzi wa mambo ya kimataifa kutueleza nauli.

Kuna watu walioshika kidole cha pili mapema, na hao ndio ninaowapenda katika habari hizi. Sizungumzii maandamano makubwa, ingawa yalikuwepo: watu wanaokadiriwa kuwa milioni moja New York Juni 1982 kupinga silaha za nyuklia, na mamilioni duniani 15 Februari 2003 kupinga vita vya Iraq, ambavyo vilianza mwezi uliofuata kama vile hakuna aliyetoka nyumbani. Nazungumzia wakulima wa matikiti.

Seongju ni wilaya ya Korea Kusini inayojulikana kwa tikiti dogo la njano lenye michirizi myeupe. Julai 2016 serikali ilitangaza kwamba betri ya THAAD ya Wamarekani itawekwa hapo, kuikinga nchi na Korea Kaskazini. Wenyeji walisikia habari hiyo kama mtu yeyote, kwenye runinga. Waziri mkuu alipokwenda kuwatuliza walimtupia mayai na chupa za maji, akakwama ndani ya basi kwa saa kadhaa. Tarehe 15 Agosti watu kama 900 walikaa kwenye viti, safu kwa safu, wakanyolewa vichwa hadharani. Wanawake pia. Serikali ikabadilisha eneo, ikachagua uwanja wa gofu wilayani humohumo, juu ya kijiji kiitwacho Soseong-ri, na kazi ya kukaa katikati ya barabara ikawa ya vibibi wa kijiji hicho. Malori yalipita hatimaye, usiku, chini ya ulinzi wa maelfu ya polisi.

Walikuwa na hoja nyingi, nyingine dhaifu. Ile hofu kwamba mionzi ya rada itaharibu matikiti sidhani ilikuwa na mashiko. Lakini moja ilikuwa nzito. Seoul, mji mkuu wenye mamilioni ya watu, uko zaidi ya kilomita 200 kutoka pale, nje ya eneo ambalo mtambo ule ungeweza kulikinga vizuri. Kwa hiyo kinga ya taifa haifuniki mji mkuu, ila inakifanya kijiji cha matikiti kuwa shabaha ya kwanza. Vibibi waliuliza: tunalindwa, au tunawekwa mbele?

Niliwatazama kwenye video, wamevaa makoti manene, viti vya plastiki vyekundu kama vya kwenye shughuli zetu, mmoja anamenya kitu kwenye sufuria. Nikafikiri kuhusu mjumbe na ukuta wa serikali. Sisi hatukuuliza, wala sijui tungemuuliza nani. Suala la ulinzi huku kwetu ni la kunong'ona, na kwa sehemu naelewa kwa nini. Ila idadi ya nyumba zilizo jirani na kinacholipuka si siri ya adui. Adui hana haja nayo. Mwenye haja nayo ni mama anayekuna nazi.

*

Nimechelewa kusema kwamba kijana wa bodaboda alizaliwa 2005, Charambe. Alikuwa na miaka minne. Nilipomaliza kumsimulia, alisema anakumbuka kubebwa, na kwamba aliyembeba alikuwa ananuka mafuta ya taa. Hakumjua ni nani, na nyumbani hakuna anayejua. Akaichukua simu yake, akazima video, akaweka muziki.

Mkesha wa mwaka mpya mtaani kwetu wanapiga fataki, na matairi, na masufuria. Mwaka huu nilikuwa nyumbani kwa mama. Saa sita kamili, mlio wa kwanza, nikamsikia anashuka kitandani. Nyuma ya mlango wa mbele kuna msumari, na kwenye msumari pananing'inia mfuko wa Rambo wenye vyeti vyote alivyovifuatilia upya kwa miaka, nakala za vitambulisho vyetu, picha ya baba, na kadi ile mpya ya kliniki ya mdogo wangu, ambaye sasa ni mwanamume wa ndevu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Nimemnunulia mkoba wa kitambaa, akaufanya wa sokoni. Anasema Rambo haliingii maji.

"Mama, ni fataki tu."

"Nimesikia."

Aliuvua mfuko msumarini, akaupachika kwapani, akasimama pale mlangoni na khanga yake mpaka mtaa uliponyamaza kabisa. Ilikuwa kama saa saba kasoro. Kisha akaurudisha, akaujaribu msumari kwa kidole kama umeshika, akaniuliza kama kuku nimewafungia.